Bundi na Mzee: Mwongozo wa Matembezi ya Ndege katika Misitu ya Meru na Embu

Bundi akilia juu ya paa usiku, iwe Nkubu au Runyenjes, wapo watakaotoka na kijinga cha moto kumfukuza. Wamelelewa wakiambiwa kwamba mlio wake hutangulia msiba. Mara nyingi bundi huyo amefuata panya wa ghala la mahindi. Kati ya hofu ya mwenye nyumba na kazi anayoifanya ndege huyo, kuna mazungumzo ambayo hayajafanywa vya kutosha, na mahali pazuri pa kuyafanyia ni msituni, kwa miguu.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuandaa matembezi hayo au kuyahudhuria: mgeni kutoka Nairobi, mwalimu mwenye klabu ya mazingira, kikundi cha vijana, au mwenyeji ambaye hajawahi kuutazama msitu wake kwa darubini. Nina jambo moja la kusisitiza. Nenda na walimu wawili, mtembezaji anayejua ndege na mzee anayejua msitu, na mzee apewe nafasi ya kusema kwanza. Bundi hatalindwa na mgeni anayerudi mjini Jumapili jioni. Atalindwa na kijiji, na kijijini neno la mzee lina uzito ambao bango la uhifadhi halina.

Chagua msitu kulingana na ndege unaomtafuta

Upande wa Meru, anza na msitu wa Imenti. Imenti ya Juu iko karibu na mji, na ndani yake kuna Ziwa Nkunga, ziwa la kreta ambalo Wameru wamelihesabu kuwa takatifu tangu zamani. Humo msituni ndimo ulimo mti mkubwa uitwao King Muuru. Muuru ni mti wa asili ya eneo hili, na wanasayansi wameupa jina la Vitex keniensis. Tazama juu ya miti mikubwa utafute shorobo mwenye mabawa mekundu, hondohondo, na tai mwenye kishungi anayewinda mbega. Kwezi wa Abbott, ndege adimu wa misitu ya milimani, naye ni wa misitu hii ya Mlima Kenya.

Upande wa Embu, msitu wa Njukiri uko karibu kabisa na mji, na unafaa kwa matembezi ya asubuhi moja. Irangi uko juu zaidi, kwenye miteremko ya mlima, kwenye unyevu na baridi. Kilima cha Kirimiri, karibu na Runyenjes, ni kisiwa cha msitu katikati ya mashamba, na hapo ndipo somo la bundi na mkulima linapoonekana waziwazi. Katika eneo hilo la Runyenjes kuna pia kichaka cha Mwenendega, ambaye Aembu humtaja kuwa mzazi wa jamii yao. Miti ya pale imesalia kwa sababu watu waliiheshimu.

Ukishuka Mbeere, nchi inakuwa kavu. Kuna kilima cha Kiang'ombe, na kuna Hifadhi ya Taifa ya Mwea kando ya bwawa la Kamburu. Huku utakutana na bundi wa migunga. Katika mabonde ya Embu na Meru, tafuta pia ndege apatikanaye Kenya pekee duniani, aliyepewa jina la Hinde: ana macho mekundu, huishi kwa makundi kwenye vichaka vizito vya kando ya vijito, na madoa yake meupe na ya kahawia hutofautiana kiasi kwamba ni shida kupata wawili wanaofanana.

Mbuga ya Meru, iliyotangazwa mwaka 1966, ina zawadi ya pekee: bundi mkubwa mwekundu wa Pel, mla samaki, anayekaa kwenye miti ya kando ya mito. Usishuke garini kumfuata bila askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Mtafute mzee kabla ya kumtafuta ndege

Wiki mbili au tatu kabla ya safari, fanya mambo matatu. Kwanza, fika katika kituo cha msitu cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS, au uwasiliane nao, uulize ada, saa za kuingia na upatikanaji wa askari wa msitu. Ukitaka kubaki baada ya saa kumi na mbili jioni, omba ruhusa mapema. Usidhani utaelewana na mlinzi pale langoni. Pili, uliza kituoni kuhusu chama cha jamii cha msitu huo. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inavitambua vyama hivi, na ndani yake kuna watu wanaozijua njia zote na wenye haki ya kufaidika na wageni. Tatu, omba chama hicho kikukutanishe na mzee au nyanya anayejulikana kwa maarifa ya msitu: mfuga nyuki, mganga wa mitishamba, au mtu aliyechunga mbuzi pale akiwa kijana.

Upande wa Meru, baraza la wazee la Njuri Ncheke lina sauti kubwa katika mambo ya miti na mahali patakatifu. Ikiwa unapanga kupita mahali pa ibada, pata kibali cha wazee wa eneo hilo, na ukiambiwa usiingie, usiingie. Kibali cha serikali hakifuti mwiko wa wenyeji.

Usimwendee mzee mikono mitupu wala mbio mbio. Kaa, salimu, kunywa chai, eleza umekuja kwa nini. Sukari na majani ya chai ni zawadi ya heshima popote. Upande wa Igembe na Tigania, kitita cha miraa kwa wazee ni lugha inayoeleweka. Kisha taja malipo waziwazi. Mzee anatoa maarifa yake na nusu ya siku yake, na anastahili ujira sawa na wa mtembezaji. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mwenyeji asipopona, hiyo ziara imemnufaisha mgeni peke yake.

Kubalianeni pia ni yapi yanaweza kurekodiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 69, inailazimu Serikali kulinda maarifa ya asili ya jamii kuhusu viumbe hai, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria maalumu ya kulinda maarifa hayo. Kwa hiyo, mzee akikuonyesha dawa ya mti fulani na kusema habari hiyo iishie hapo, iishie hapo. Usiiweke mtandaoni.

Mtembezaji wa ndege naye umchunguze. Muulize kama amepimwa na Chama cha Waongozaji wa Kitalii nchini, KPSGA, ambacho hutoa daraja za shaba, fedha na dhahabu. Lakini kijana wa kijijini asiye na cheti anaweza kuwa na sikio bora kuliko mwenye cheti. Mpime kwa kumuuliza milio ya ndege watatu wa msitu wake.

Siku yenyewe

Karibu na ikweta jua halina mabadiliko makubwa: huchomoza na kutua karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Matembezi mazuri yana vipindi viwili. Kipindi cha kwanza ni kuanzia alfajiri hadi saa nne asubuhi, ndege wakila na kuimba. Cha pili ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi giza linapoingia, bundi wanapoamka. Epuka kilele cha mvua za Aprili na Novemba, kwa maana njia huteleza na bundi hawalii sana kwenye mvua na upepo. Januari, Februari, na kipindi cha Juni hadi Septemba vinafaa. Kati ya Oktoba na Aprili utaona pia ndege waliohama kutoka Ulaya na Asia.

Kundi lisizidi watu wanane. Vaeni nguo za kijani au kahawia, viatu vinavyoshika matope, na sweta. Embu na Meru zina baridi alfajiri, na Irangi zaidi. Beba darubini, daftari, maji, na tochi yenye mwanga mwekundu. Kama huna ya namna hiyo, funika tochi ya kawaida kwa karatasi nyekundu ya nailoni.

Askari wa msitu atangulie. Imenti na miteremko ya mlima ina ndovu na nyati, na hilo si jambo la kupuuza. Askari akisema rudini, mnarudi bila mjadala, hata kama ndege mliyemtafuta mwaka mzima yuko mbele.

Mwanzoni, kabla hamjaingia chini ya miti, mpe mzee dakika ishirini. Aseme msitu huu unaitwaje kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere, zamani nani aliruhusiwa kukata nini, na ni mti gani haukuguswa. Mtaona kwamba mugumo haukuachwa kwa bahati: ulikuwa mahali pa sala, na matunda yake yanalisha njiwa, shorobo na hondohondo hadi leo. Mtembezaji apokee hapo, ataje ndege mmoja mmoja, na kila ndege anapoonekana, mzee aulizwe: huyu kwenu anaitwaje, na analeta habari gani?

Swali hilo lina faida ya kisayansi pia. Mfano mzuri ni mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki. Waborana wa kaskazini mwa Kenya walisema tangu zamani kwamba mlembe hueleza mwelekeo na umbali wa asali. Mwanasayansi Mkenya Hussein Isack, pamoja na mwenzake Reyer, walilipima dai hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1989: bila ndege, watafuta asali walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga. Wakiongozwa naye, saa 3.2. Wazee walikuwa wamesema kweli. Mbeere na Tharaka ni nchi za mizinga, na mfuga nyuki wa huko atakueleza habari za mlembe ambazo hazijaandikwa popote.

Bundi utakaowasikia

Mchana, bundi hupatikana kwa msaada wa ndege wadogo. Ukisikia chozi na shorewanda wakipiga kelele kwa hasira kwenye mti mmoja, nenda polepole na utazame karibu na shina. Tafuta pia chini ya mti madoa meupe ya mavi na vibonge vya kijivu vya manyoya na mifupa. Vibonge hivyo ni mabaki ya chakula ambayo bundi huyatapika baada ya kumeza windo zima.

Bundi wa msituni wa Afrika ndiye utakayemsikia zaidi Imenti, Njukiri na Irangi. Ana macho meusi, kichwa cha mviringo kisicho na masikio ya manyoya, na hula wadudu kwa wingi. Dume na jike huitikizana: mmoja akiuliza, mwingine anajibu. Msituni humo humo kuna bundi mdogo mwenye kifua chekundu, anayeweza kulia hata mchana.

Kwenye mashamba na majengo kuna bundi mweupe mwenye uso wa umbo la moyo. Huyu halii kwa mlio mzito. Hupiga ukelele mkali, na ndiye anayewatisha watu zaidi. Huzaa kwenye dari za makanisa, kwenye maghala, na ndani ya viota vikubwa vilivyoachwa na fundichuma.

Mbeere na Mwea, sikiliza bundi mdogo mwenye madoa ya lulu, ambaye kisogoni ana alama mbili nyeusi zinazofanana na macho. Tazama pia kwenye migunga mikubwa umwone bundi wa Verreaux, mkubwa kuliko bundi wote wa Afrika, mwenye kope za rangi ya waridi.

Juu mlimani, kwenye majabali na nyasi za baridi, anaishi bundi wa Mackinder, aliyepewa jina la Halford Mackinder aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Windo lake kubwa ni fuko na panya wa nyasi. Na katika Kenya yote, bundi wa Kihabeshi mwenye masikio marefu anajulikana Mlima Kenya peke yake. Ukimwona, umeona kitu ambacho watembezaji wengi hawajawahi kukiona.

Zungumzeni juu ya hofu bila kuidharau

Giza linapokaribia, keti na mzee na uulize: nyumbani kwenu bundi akilia, mlifanya nini? Usicheke. Usikatize kwa kusema huo ni ushirikina. Watu waliouguza wagonjwa usiku, katika nyumba zisizo na taa, walimsikia bundi saa zile zile walizofiwa. Hofu yao ina historia, na anayedhihakiwa hafungui moyo.

Mzee akimaliza, mtembezaji atoe kibonge kilichookotwa mchana, akikaushe, akifungue kwa kijiti juu ya karatasi nyeupe. Ndani mtakuta taya, meno ya njano ya panya, na manyoya. Mpeni mzee akikague mwenyewe. Kwa mkulima ambaye mahindi yake yameliwa ghalani, au viazi vyake vimekatwa mizizi na fuko, mifupa hiyo inasema zaidi ya hotuba. Kisha muulize mzee swali la mwisho: tungewaambiaje watu wa hapa? Maneno atakayoyachagua yeye ndiyo yatakayosikika kanisani, kwenye baraza na sokoni.

Jambo hili limeshawashughulisha watafiti. Mwaka 2008 Darcy Ogada na Peter Kibuthu walichapisha utafiti uliochunguza bundi wa Mackinder katika mashamba ya Kenya, matumizi ya sumu, na yale ambayo wakulima wanayajua na kuyaamini kuhusu bundi. Na mwaka 2022 Ogada na wenzake walionyesha kwamba kati ya aina 22 za ndege wawindaji walizozifuatilia nchini kwa takribani miaka 40, aina 19 zilikuwa zimepungua.

Miiko ya matembezi

Usipige mlio wa bundi kwenye simu tena na tena. Bundi huudhani ni adui aliyeingia kwake, huacha kuwinda, na anaweza kuacha mayai. Anza kwa kusikiliza tu, aghalabu inatosha.

Usimpige bundi picha kwa flashi, wala usimmulike machoni zaidi ya sekunde chache. Kaa mbali na kiota. Bundi akinyoosha shingo, akikondesha mwili au kugonganisha mdomo, umemkaribia mno: rudi nyuma.

Usitangaze mahali pa kiota mtandaoni. Wako wanaotafuta mayai ya bundi kwa uvumi kwamba yana bei kubwa. Kumkamata, kumuua au kumfanyia biashara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Mtu akikuuliza wapi atapata mayai, toa taarifa kwa KWS.

Kazi inayobaki baada ya wageni kuondoka

Mwisho wa matembezi, kila mwenyeji mwenye shamba apewe mambo manne ya kufanya.

La kwanza ni sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutangatanga akiwa mlegevu, na bundi humkamata huyo kwa wepesi. Sumu huingia kwake na kwa makinda. Tumia mitego, ziba matundu ya ghala, inua ghala kwa miguu yenye mabati. Aliyelazimika kutumia sumu azike mizoga yote.

La pili ni mti mkuukuu. Bundi wengi hawajengi viota. Huhitaji shimo kwenye mti uliozeeka. Mwaka 1999 KWS walipoupima Mlima Kenya na Imenti kutoka angani, walihesabu zaidi ya miti 6,700 ya mkafuri iliyokatwa. Ukiwa na mti mzee wenye shimo mpakani mwa shamba, uache. Panda muuru na mugumo kwa ajili ya wajukuu.

La tatu ni kisanduku cha kuzalia. Bundi mweupe hukubali sanduku la mbao lenye tundu la kutosha mwili wake, likifungwa juu ghalani au kwenye mti mbali na makelele. Klabu ya shule inaweza kulitengeneza kwa mabaki ya mbao, na wanafunzi wakachambua vibonge kila muhula na kuandika wamehesabu mafuvu mangapi ya panya.

La nne ni kumbukumbu. Peleka orodha ya ndege wako kwenye Kenya Bird Map au eBird, ukificha mahali halisi pa kiota. Shirika la Nature Kenya, ambalo mizizi yake ni chama kilichoanzishwa mwaka 1909, limekuwa na matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi Nairobi tangu mwaka 1971, yaliyoanzishwa na Fleur Ng'weno. Watu wengi walioanza pale wakiwa hawajui kutofautisha njiwa na tetere wamekuwa watembezaji hodari. Hakuna sababu Meru na Embu zisiwe na siku yao ya wiki.

Ukimkuta bundi aliyegongwa na gari au kuanguka kwenye nyaya, mfunike kwa nguo nzito, umweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, bila kumlisha wala kumnywesha, kisha uwaite KWS. Kinda lililo chini lakini zima mara nyingi bado linalishwa na wazazi. Liinue tu hadi kwenye tawi la karibu, uondoke.

Pimeni matembezi yenu kwa yanayofanywa kijijini mwezi mmoja baadaye. Orodha ya ndege sitini ni furaha, lakini si kipimo. Kipimo ni mwenye shamba aliyeacha sumu, mti mzee uliobaki umesimama, na mzee aliyesimama mbele ya watu wake akasema bundi aachwe. Hayo hayapatikani kwa safari moja. Basi panga ya pili kabla hujaondoka, na tarehe yake aichague mzee.